Waliosimama Katikati

Mwezi uliopita tulimzika Oluoch kwao, karibu na ziwa, na binti yake mkubwa, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kunyamazisha darasa, akanishika mkono akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Lilikuwa swali la haki. Ajuza wa Kisii amekuja peke yake, ameketishwa mstari wa mbele pamoja na jamaa, na analia kuwashinda wajukuu, watu wasiulize? Nikamwambia, "Baba yako alikuwa mgeni wetu." Akangoja niendelee. Kisha akaniachia mkono, nafikiri akidhani uzee umenivuruga akili. Lakini njia nzima ya kurudi Birongo nilikuwa nikimjibu kimoyomoyo, na nilipofika nyumbani nikatambua kwamba wote waliokuwa ndani ya jibu lile wamekwisha kufa isipokuwa mimi. Mume wangu Nyabuto hayupo. Baba yake, Mzee Ombati, hayupo. Bibi ya mume wangu, mama yake Mzee Ombati, ambaye sote tulimwita Magokoro, yaani bibi, aliondoka zamani. Walipokuwa hai jambo lenyewe halikuweza kusemwa mbele ya watoto wetu. Sasa hakuna aliyebaki wa kuona haya isipokuwa mimi, na mimi nimefikia umri wa kuona haya na kusema vilevile.

Sitaanza na ukoo. Mambo ya ukoo yana wasemaji wake, hasa siku za harusi, na ukiwapa nafasi hamtakula mpaka giza liingie. Mimi nataka mwaka mmoja tu, wa 1979, nilipokuwa mke mpya katika boma la Mzee Ombati, na mtoto wangu wa kwanza, Moraa, yuko mgongoni. Mume wangu na baba yake walikuwa mafundi wa mawe. Walikuwa wamevuka kwenda Uganda kujenga nyumba za walimu wa shule moja ya misheni, wakaniacha mjamzito, wakisema Krismasi watakuwa wamerudi. Kisha vita vikazuka kati ya nchi ile na Tanzania, na kila mgeni aliyeongea Kiswahili kizuri kidogo akawa jasusi machoni mwa wanajeshi. Krismasi ikapita. Moraa akazaliwa. Redio ya jirani ikawa inatuambia miji iliyotekwa, na mama mkwe wangu, Msabato wa kweli ambaye hata majani chai aliyoyachuma kwa mikono yake mwenyewe hakuwahi kuyanywa, akawa anafunga na kuomba mpaka nguo zikamlegea.

Walirudi serikali ile ya kijeshi ilipoanguka, lakini hawakurudi pamoja. Mzee Ombati alikuja kwanza, amevaa suruali ya mtu mfupi na shati la mtu mnene, sikio lake moja halisikii. Baada ya wiki moja hivi akaja Nyabuto, kope la jicho la kushoto limeshonwa vibaya kama gunia. Tulipiga vigelegele. Majirani wakaja na ndizi na kuku. Nilikuwa jikoni nikisonga ugali wa wimbi niliposikia kelele zinapungua huko nje, kisha zinaisha kabisa, nikatoka kutazama. Nyabuto alikuwa ameingia uwanjani. Baba yake alikuwa amesimama mbele ya nyumba kubwa. Mtu angetarajia mzee amkimbilie mwanawe, au walau amwite. Mzee Ombati alitazama chini, akageuka taratibu, akaenda zake nyuma ya nyumba kwenye migomba. Na mume wangu, badala ya kumfuata, akageuka upande wa pili akaingia kwa Magokoro. Watu waliokuja kushangilia wakaanza kuagana wakisema eti mvua inakuja, na mbingu ilikuwa nyeupe.

Hapo ndipo maisha ya kukwepana yalipoanza. Kwetu wanaume wa boma moja hula pamoja. Sasa nikawa napeleka chakula cha mzee chini ya mti wa mparachichi, cha mume wangu kwa Magokoro. Mmoja akisikia kikohozi cha mwenzake njiani, anapita ndani ya mahindi. Mzee hakuinua macho kwa mtu yeyote tena, hata kwa mkewe. Alizungumza na miguu ya watu. Mtu pekee ambaye mzee alimtazama usoni alikuwa Moraa. Alikuwa akituma neno kupitia kwa Magokoro kwamba aletewe mtoto, na ningempeleka, nimweke kwenye nyasi kando yake na kuondoka, maana mimi mke wa mwana sikupaswa kumkabidhi mkononi. Kutoka mbali nilimsikia akimtania, akimwita mke wake mdogo, akimwambia meno mawili si ya kumtisha mwanaume. Sauti yake ilikuwa ileile ya zamani. Basi nikajua kwamba aliyevunjika si mzee mzima. Kilichovunjika kiko kati yake na Nyabuto.

Siku moja tukivuna mahindi nikamuuliza mume wangu waziwazi, kwa sababu mimi sikulelewa kungoja. Aliendelea kuvunja mahindi. Kisha akasema, akiwa amenipa mgongo, kwamba kule kambini walikofungwa kama majasusi, wanajeshi waliwavua nguo watu wote siku ya kwanza, wakawafungia katika ghala moja, na hawakurudishiwa. "Na Tata alikuwa mle ndani," akasema. Tata ni baba. Hakuongeza neno, na mimi sikuhitaji liongezwe. Nikaketi juu ya mabua.

Asiye wa kwetu atasema, ni hilo tu? Watu waliuawa katika makambi yale, wewe unalilia nguo? Basi nieleze. Sisi tuna sheria tunayoiita chinsoni. Ni haya na heshima zikiwa kitu kimoja. Baba na mwana hawaonani uchi, hata kwa bahati mbaya. Hawaogi mahali pamoja mtoni. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mambo ya mwili hayatajwi kati yao, hata kwa fumbo. Lakini bibi na mjukuu, babu na mjukuu, hao wako huru kama ndege, wanataniana maneno ambayo mchungaji akiyasikia atahubiri wiki nzima. Sheria iko kati ya mzazi na mzaliwa tu, na hiyo ndiyo inayomfanya baba awe baba. Ukiivunja, hujui tena umwiteje. Sasa chukua watu hao wawili, uwavue, uwafungie pamoja miezi na miezi. Wale wanajeshi walikuwa na fimbo, nyaya na vitako vya bunduki, na walivitumia vyote. Lakini pigo kubwa kuliko yote walilitoa bila hata kujua wamelitoa.

Na ubaya wake ni huu: dawa hakuna, kwa sababu sheria yenyewe inakataza kulisema. Mzee hawezi kumwambia mwanawe, "Lililotokea lilitokea, tusameheane," maana kusema hivyo ni kulitaja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wetu ulikuja mwezi wa nane. Nyabuto aliniambia kwamba baada ya wimbi kuingia ghalani tutahama. Mjomba wake alikuwa amempatia kipande cha ardhi upande wa Trans Mara. Nikamuuliza kama baba yake ametoa neno. Akasema ataondoka bila neno. Mwana anayehama boma la baba yake aliye hai bila neno lake amejikata mwenyewe. Hata akifa, watu hawajui wamzike wapi. Na mimi ningekuwa mke wa mtu huyo, na Moraa mtoto wake. Nilimwendea Magokoro nikamwambia. Alikuwa akipepeta wimbi. Akaendelea kupepeta, akasema tu kwamba meno yamemwisha lakini bado ana masikio, kwa hiyo nisimpigie kelele.

Ilikuwa Ijumaa, mchana, wakati wa pilikapilika za kupika chakula cha Sabato kabla jua halijazama, Oluoch alipofika. Mtu mrefu, mweusi tii, mguu mmoja ukiburuta, kikapu mkononi kinachonuka samaki mpaka paka wa jirani wakamsindikiza. Alibisha kwa Kiswahili, na kwa kuwa mama mkwe wangu alikuwa kanisani akipanga maua, na Magokoro hakijui, nikamkaribisha mimi. Akasimama mlangoni pa jiko, akavua kofia, na sura yake ikawa ya matanga. Alisema anaitwa Oluoch, fundi cherehani, na kwamba alikuwa kambi moja na watu wa nyumba hii. "Nimechelewa, mama," akasema. "Mguu ulikuwa haujapona. Lakini nilijiambia lazima nije niwaeleze vile mzee alikufa."

Nikamwambia mzee hajafa. Yuko pale chini, anachuma majani chai. Aligeuka kutazama nilikoelekeza, na kweli mgongo wa Mzee Ombati ulionekana kati ya mistari ya michai, kikapu juu yake. Oluoch alitazama kwa muda mrefu. Kisha akashuka chini polepole, akaketi kwenye udongo na suruali yake safi ya kutembelea, akauweka uso ndani ya kofia. Sikujua nifanye nini na mwanaume mzima anayelia mlangoni pangu, kwa hiyo nikamletea maziwa lala. Mzee mwenyewe alipopanda na kumwona, aliangusha kikapu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anamshika mtu mabega. Waliishia kusema "Ni wewe?" na "Ni mimi," mara nyingi, kama watu wasiojua neno lingine. Lakini Nyabuto alipotokea upande wa pili kumlaki mgeni, mzee akachukua kikapu chake akashuka tena shambani.

Oluoch aliliona hilo. Jioni hiyo kabla ya jua kuzama aliketi nasi jikoni, mimi nikichemsha ndizi, Magokoro akichambua mboga ya mgagani, na kile kikapu chake kikatuletea kizaazaa, kwa sababu ndani kulikuwa na kamongo mkavu, na Msabato halisi hali samaki asiye na magamba. Mama mkwe aliporudi alikitazama kikapu kama aliyemwona shetani, akashukuru kwa adabu, akakiweka nje. Magokoro, ambaye ubatizo wake haukufika tumboni, alikirudisha ndani mama mkwe alipogeuka. Ndipo Oluoch akaniuliza kwa sauti ya chini mbona baba na mwana hawasalimiani. Nikamweleza, nikimtafsiria Magokoro kila neno. Kwa bibi wa mume wangu ningeweza kutaja lolote.

Basi akatusimulia. Alisema aliposikia kwamba wale wawili ni baba na mwana, na ni Wakisii, alijua mara moja, kwa sababu watu wa ziwani wanaijua hii sheria ya majirani zao, na wao pia wana zao. Akawaambia waliokuwa karibu naye. Mle ghalani kulikuwa na Waganda, Wateso, Waislamu wauza kahawa, mwalimu mmoja wa hesabu, kijana mmoja wa kaskazini ambaye hakuna aliyeelewa lugha yake. Wote uchi, wote wamepigwa, kila mmoja na kifo chake mlangoni. Watu hao wakakubaliana kusimama katikati. Mzee Ombati alipewa kona moja, Nyabuto kona ya pili, na kati yao kukawa na ukuta wa watu. Waliketi kama ukuta, wakalala kama ukuta. Asubuhi walipotolewa nje kumwagiwa maji na kuchapwa, walitembea wakiwa wamewatenga hao wawili. Zamu ya kujisaidia kwenye ndoo ikifika, wanasimama bega kwa bega na kugeuza migongo. Watu waliitwa majina wakatoka wasirudi, na ukuta ukapungua. Waliobaki wakasogea kuziba pengo. Mahabusu mpya akitupwa ndani, kabla hajaonyeshwa maji yalipo, anaambiwa sheria ya wale wawili. "Hakuna mtu alikataa," Oluoch akasema. "Hata mmoja. Mimi ni fundi wa nguo, mama, na huko sikuwa na hata uzi. Lakini niliona watu wakifanywa nguo."

Nilishindwa kutafsiri. Magokoro alinivuta kanga niendelee, na nilipomaliza aliweka mgagani chini. Nimehudhuria mikutano ya injili yenye vipaza sauti, nimesikia kwaya za kukuangusha magoti, lakini sijawahi kuhisi nimeketi mbele ya kitu kitakatifu kama nilivyohisi jikoni mle, na harufu ya kamongo ikitoka chini ya kigoda cha bibi. Watu waliokuwa wakienda kuuawa walitumia nguvu zao za mwisho kulinda haya ya familia wasiyoijua. Nani aliwafundisha? Wengine wao hata sheria yenyewe walikuwa hawajawahi kuisikia.

"Lakini mwishowe ukuta ulivunjwa," nikasema, kwa maana hilo nililikisia. Bila hivyo wasingekuwa walivyo. Oluoch akakubali. Koplo mmoja alikuwa ameligundua jambo lile, akaona amepata mchezo. Akawatoa wale wawili uwanjani, akawasimamisha uso kwa uso, akawaamuru watazamane. "Na wakaonana," nikasema. Oluoch akaniangalia kwa mshangao. "Nani amekwambia walionana?" akauliza, akafungua mdomo aendelee.

Nilimtafsiria Magokoro hilo swali. Ajuza yule aliinua kiganja chake haraka hivi kwamba mgeni akanyamaza bila kuhitaji mkalimani. Akaniambia nimweleze kwamba neno lililobaki si letu wanawake kulionja kwanza. Kuna wenyewe. Alale, apumzike, ale kamongo wake. Kesho baada ya kanisa atakuja nyumbani kwake Magokoro, na huko atamsimulia yeye. Nikamuuliza atamsimuliaje na yeye hajui Kiswahili. Akasema hilo si kazi yangu.

Siku ya Sabato tulirudi kutoka kanisani mchana, tukala chakula baridi cha jana, na Magokoro akaanza kupanga watu kama mtu anayepanga vyungu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na nyasi, na ukuta wa nyuma ulikuwa mwembamba, umepasukapasuka. Alimwita ndani mjukuu wake Nyabuto, akamketisha kwenye kigoda karibu na ukuta huo. Mimi nikaambiwa nikae kando ya moto na mtoto. Kisha akatoka nje akamwita mwanawe, Mzee Ombati, akamwambia aje akae nyuma ya nyumba, upenuni, amtengenezee mpini wa jembe. Mpini, siku ya Sabato! Mzee akakaa, nafikiri kwa kuwa amri ya mama haina siku. Wakawa wameketi hivyo, baba nje na mwana ndani, ukuta wa udongo kati yao, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi za yule wa nje. Oluoch akaketishwa mbele ya Magokoro. Akanitazama mimi, kana kwamba anauliza kama ni sawa. Magokoro akamgonga goti aanze.

Akaanza, kwa Kiswahili, akimwangalia mwanamke ambaye katika lugha hiyo alijua "jambo" na "chumvi". Hapo nikaielewa hekima yote ya Magokoro, nikatamani kumwinamia. Baba na mwana hawawezi kulizungumza jambo lile, wala hawawezi kuambiwa pamoja. Lakini mgeni akimsimulia bibi kizee hadithi, na sauti yake ikapenya ukuta, ni kosa la nani? Chinsoni haijavunjwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba lazima mwenyeji awe mjanja.

Oluoch alisimulia polepole. Alisema siku ile yeye alikuwa amewekwa kando kushika ndoo, macho yake wazi, na aliona yote. Wanajeshi waliposema "Tazameni," mzee alifumba macho. Magokoro akatikisa kichwa kama aliyeelewa. "Na kijana pia alifumba macho," Oluoch akasema. "Wakati uleule. Wote wawili, bibi. Walikuwa wamesimama karibu kuguswa, na hakuna aliyeona kitu."

Nyabuto aliinua kichwa. Nje, kisu kilichokuwa kikichonga mpini kiliacha kuchonga.

Wakapigwa ili wafumbue. Oluoch alisema hajawahi kuona watu wakipigwa namna ile, na alikuwa ameona mengi. Askari wawili kwa kila mmoja. Mzee alipigwa sikioni, kichwani, mbavuni. Kijana alipigwa usoni mpaka kope likapasuka, lakini hata kope lililopasuka alilikaza. Hakuna aliyeweza kumwona mwenzake. Kila mmoja alisikia tu fimbo za mwenzake. Kisha fimbo za mzee zikakoma. Oluoch akamwinamia Magokoro. "Bibi, mtoto wa mtu akisikia fimbo za baba yake zimekoma, atafikiria nini? Atafikiria mzee ameshindwa, amefungua macho. Lakini si hivyo. Zilikoma kwa sababu mzee alizirai. Alianguka chini macho yakiwa yamefumbwa. Mimi nilimshika. Mimi nilifikiri amekufa, na hata hivyo kope zake zilikuwa zimekazwa."

Nilimtazama mume wangu. Mikono yake ilikuwa imeshika kigoda pande zote mbili, na machozi yalikuwa yakimtoka kwenye jicho lile lililoshonwa kuliko kwenye lile zima. Oluoch akaendelea. Fimbo za kijana nazo zilikoma baadaye kidogo, na kama mzee alikuwa ameanza kupata fahamu, huenda alisikia, naye akafikiria mwanawe amesalimu amri. Lakini zilikoma kwa sababu afisa aliwaita askari wapakie malori. Mizinga ilikuwa imeanza kusikika. Nyabuto aliachwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, bado amefumba macho, kwa kuwa hakuna aliyemwambia imekwisha. Ilibidi Oluoch amshike mkono amwongoze hadi ghalani kama kipofu. Mzee alikuwa amekwisha kuburutwa hadi jengo lingine. Usiku ule askari wakakimbia, milango ikavunjwa, na kila mtu akashika njia yake. Ndiyo maana hakupata nafasi ya kuwaambia. Ndiyo maana amekuja.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alikuwa amerudi Birongo akiamini kwamba yeye hakuona lakini ameonwa. Kila mmoja alikuwa amemsamehe mwenzake moyoni, maana nani angemlaumu mtu aliyepigwa hivyo? Kilichowashinda ni kuishi mbele ya macho yaliyowaona. Mzee alikwepa ili mwanawe asilazimike kukumbuka alichoona. Mwana akakwepa kwa sababu hiyohiyo. Na kila mmoja aliuona ukwepaji wa mwenzake akasema, kumbe ni kweli, aliona. Kama wangekuwa watu wasio na adabu wangegombana siku ya kwanza na kuyamaliza. Heshima ndiyo iliyokuwa inavunja lile boma.

Moraa alikuwa amelala. Magokoro, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, alikuwa akitusoma nyuso zetu, na nadhani alisoma vizuri, kwa sababu alichukua ugoro wake akavuta taratibu kama mtu aliyemaliza kupalilia. Kisha sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, kwa Kikisii, ya mzee anayezungumza na mama yake.

"Mama, muulize huyo kijana kama ni kweli."

Nyabuto alijibu akiwa anamtazama bibi yake. "Mwambie Tata sikuona kitu. Mwambie niliona giza tu."

Mzee akasema kutoka nje, "Mwambie hata mimi."

Magokoro hakumwambia yeyote chochote. Alivuta ugoro wake. Tukasikia mzee akiinuka, mkono ukiushika ukuta, vumbi la udongo likamwagika ndani. Tukasikia hatua zake zikizunguka nyumba. Oluoch alisogea kando kumpisha mlangoni. Nilifunika uso kwa kanga kama inavyompasa mke wa mwana, lakini sikufunika wote, Mungu anisamehe, kwa sababu nilitaka kuona.

Mzee Ombati alisimama mlangoni, mwanga nyuma yake. Mume wangu alikuwa amesimama pia, mikono imelegea, kichwa kimeinama. Mzee akamwita kwa jina lake. Nyabuto akainua uso, na wakatazamana. Mzee alimtazama paji la uso, kope lile, mashavu, kidevu, bila haraka, kama mtu anayerudi nyumbani na kuangalia kama kila kitu kipo. Miezi yote ile alikuwa hajamtazama mwanawe usoni hata mara moja.

"Umekonda," akasema.